Kaskazi Ndani ya Boksi: Maneno Niliyosema Columbus Kuhusu Draya

Haya niliyasema Jumamosi moja mchana, mwezi wa Desemba, kwenye mkutano wa watu wetu hapa Columbus, Ohio. Waliokosa kuja waliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, pamoja na yale ya pembeni.

Shikamooni wazee wangu. Asalaam alaykum, Bwana asifiwe, na ndugu zetu wa Bukavu na Uvira, jambo sana. Vijana mliokaa nyuma karibu na sinia la sambusa, nawaona. Msizimalize.

Mwenyekiti amenipa dakika 40 na ameniomba nisiwachoshe kwa maneno ya kifundi. Kazi yangu mnaijua: natengeneza friji, mashine za kufulia na hizi mashine za kukaushia nguo ambazo sote hapa tunaziita draya. Mie mtu wa Tanga. Kwetu draya ilikuwa kamba ya katani, imefungwa kwenye mnazi upande huu na kwenye nguzo ya banda la kuku upande ule. Nilipofika Marekani na kuonyeshwa draya mara ya kwanza, nilifungua mlango nikachungulia ndani nikasema, kumbe wenzetu nguo wanazioka.

Mlicheka, lakini karibu kila anayenipigia simu anawaza hivyohivyo. Nguo zikitoka mbichi, neno la kwanza ni "fundi, moto hautoshi". Anazungusha kitufe mpaka joto la juu kabisa, anarudia mara ya pili, mara ya tatu, bili ya umeme inapanda, na nguo bado zina ubichi kwenye mishono ya jinzi. Leo nimekuja kuhangaika na wazo hilo moja. Mengine nitayagusa tu.

Turudi nyumbani kidogo. Mama zangu, mlipokuwa mnaanika kanga, zilikauka upesi siku gani? Siku ya jua kali hewa imetuama, au siku ya kaskazi, mawingu yapo lakini kamba inacheza?

(Mama mmoja wa mstari wa mbele akajibu kabla sijamaliza: "Ya upepo! Hilo nalo la kuuliza?")

Naam. Na masika je? Joto lipo tele, unatoka jasho umekaa kitako, lakini nguo uliyoanika alfajiri jioni bado ina uvundo. Joto linayalegeza maji kwenye uzi, basi. Anayeyachukua ni upepo. Hewa ikishashiba maji na haina pa kwenda, maji yanabaki palepale. Draya ni kaskazi iliyofungiwa ndani ya boksi. Ukiielewa hivyo, nusu ya kazi yangu umeshaifanya.

Ndani yake mna hivi. Kuna pipa la kuzungusha nguo. Kuna koili, ndugu yake ile ya jiko la umeme, au kichomeo kama mashine yako ni ya gesi. Na kuna feni. Wengi wanadhani feni inapuliza hewa ya moto kwenye nguo. Katika mashine nyingi za majumbani inavuta: hewa ya chumbani inapita kwenye koili inapata moto, inaingia kwenye pipa inabeba maji, inapita kwenye chujio inaacha uchafu, halafu inasukumwa kwenye bomba mpaka nje ya ukuta. Mzigo mmoja wa nguo zilizotoka kufuliwa unaweza kuwa na lita mbili za maji, na mataulo yana zaidi. Maji yote hayo yanatoka nyumbani mwako yakiwa mvuke, kupitia tundu la inchi 4. Mnaona sasa kwa nini napenda kuanza kuchunguza huko mwisho, kwenye tundu, kabla ya kugusa bisibisi.

Vijana mnaosoma hapa, hili ni lenu. Tarehe 7 Juni 1892, Mmarekani mweusi aliyeitwa George T. Sampson, mkazi wa Dayton, hapo jirani zetu, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, alipewa hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, ya kifaa cha kukaushia nguo kwa joto la jiko. Kabla yake, mnamo mwaka 1800, Mfaransa aitwaye Pochon alikuwa na pipa lenye matundu lililozungushwa kwa mkono juu ya moto. Nadhani nguo zilinuka moshi kama za mchoma mkaa. Nimelisema hili ili mjue kwamba mtu wetu alikuwamo kwenye habari hii tangu mwanzo, tusiogope kuufungua huu mlango.

Na tukubaliane jina. Ule uchafu laini wa kijivu unaobaki kwenye chujio, kila mmoja ana jina lake. Mie nauita usufi, kwa sababu ukiufinyanga mkononi ni sawasawa na usufi wa ile mito tuliyolalia utotoni. Na kama usufi wa mto, ukiugusisha kiberiti unawaka fuu, mara moja. Huo usufi ni nguo zako zenyewe zinazoondoka kidogo kidogo.

Sasa nitawapa kisa. Mama mmoja, ana watoto sita, kazi yake ni ghala, zamu ya saa kumi na mbili asubuhi. Alinipigia akasema draya imekufa kwa mara ya tatu mwaka huo. Fundi wa kwanza alibadilisha fyuzi ya joto, ile inayokata umeme moto ukizidi. Baada ya miezi miwili ikaungua tena. Akaja mwingine, akabadilisha fyuzi na koili, akachukua pesa nzuri tu. Ikaenda, lakini nguo zikawa zinachukua mizunguko mitatu. Mama akawa anaamka saa tisa za usiku kukausha sare za watoto. Halafu ikazima kabisa.

Niliivuta mashine kutoka ukutani. Nyuma yake palikuwa na bomba la foili, lile la mikunjomikunjo kama akodioni, limebanwa kati ya mashine na ukuta, limelala kama kopo la soda lililokanyagwa na lori. Nililitoa. Ndani, kila mkunjo ulikuwa umeshika usufi wake. Nikaingiza brashi ndefu kwenye bomba la ukutani: usufi, usufi, soksi ya mtoto, usufi. Mfuko wa taka ulijaa. Nikatoka nje kutazama mdomo wa bomba. Mtu, kwa nia njema, alikuwa ameuwekea wavu wa waya ili ndege wasiingie. Kwenye wavu ule usufi ulikuwa umejishonea blanketi. Nilidunga kwa bisibisi, likatoka pande zima, mviringo, nene kama chapati tatu zilizobebana.

Fyuzi niliibadilisha, ndiyo, maana ilikuwa imeungua. Lakini hata hao wenzangu waliotangulia hawakusema uongo waliposema fyuzi imeungua. Waliishia kwa shahidi, hawakumfuata mwizi. Hewa isipotoka, joto linajikusanya kwenye koili, vidhibiti vinaizima na kuiwasha, kuizima na kuiwasha, koili inachoka, na mwisho fyuzi inajitoa mhanga ili nyumba isiungue. Weka fyuzi mpya kwenye bomba lilelile, unampeleka shahidi mwingine akafe.

(Hapa niliipitisha fyuzi yenyewe mkono kwa mkono. Ni kidude cheupe, kidogo kama punje kubwa ya karanga, na ncha mbili za kuchomekea waya. Mzee mmoja aliigeuzageuza akasema, "Hii ndiyo inayonipiga dola 180?" Nikamwambia, mzee wangu, kidude chenyewe hakifiki dola 20. Kilichobaki ni safari ya fundi.)

Kwa hiyo bomba. Shikeni haya hata mkiacha mengine yote. Liwe la bati gumu, laini kwa ndani, kipenyo inchi 4. Plastiki nyeupe ya mikunjo itupeni leo, jioni, mkifika. Kile kipande cha kuunganisha mashine na ukuta ndicho pekee kinachoruhusiwa kupindapinda, na kisizidi futi 8, na kisipite ndani ya ukuta wala darini. Maungio yafungwe kwa utepe wa foili au vibanio. Msipige skrubu ndani ya bomba, kila ncha ya skrubu ni ndoana ya kuvulia usufi. Kanuni za ujenzi wa nyumba hapa Marekani zinataka bomba zima lisizidi futi 35, na kila kona moja ya mraba inakula futi 5 kwenye hizo. Kona tatu, umeshabaki na futi 20. Ndiyo maana nyumba yenye draya katikati ya jengo inasumbua kuliko yenye draya ukutani. Na mdomo wa nje uwe na kilango kinachofunguka chenyewe upepo ukija, kisiwe na wavu. Ndege akikujengea kiota wakati wa machipuko, kitoe kiota, ubadilishe kilango. Ukiweka wavu umefuga blanketi.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Washa mashine, vaa koti, toka nje, weka kiganja kwenye mdomo wa bomba. Unatakiwa uusikie upepo wa nguvu, wenye joto na unyevu, kilango kimeinuka chote. Ukiona kilango kinatetema tu kama jani, kuna kitu njiani. Na theluji ikianguka, nendeni mkatazame tena. Nimeshakuta mdomo umefukiwa futi nzima na mwenye nyumba ndani anailaumu koili.

Kama ni mashine ya umeme na unataka kujua kizuizi kiko upande gani, lichomoe bomba nyuma ya mashine, iwashe dakika mbili tatu. Ikipuliza vizuri, mashine ni nzima, kasoro iko ukutani. Ikipuliza kwa unyonge hata bila bomba, kizuizi kiko ndani yake, au feni ina tatizo. Ya gesi usiifanyie hivyo hata mara moja. Ya gesi inatoa moshi wake kwenye bomba hilohilo, na moshi ule una kaboni monoksaidi, hauna harufu, unaua watu wamelala. Mwenye draya ya gesi awe na king'ora cha kaboni monoksaidi nyumbani, na bomba likichomoka aizime kwanza, maswali baadaye.

Nikiri na langu. Mganga hajigangi. Majira ya baridi yaliyopita mke wangu aliniambia madirisha ya basimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, yanatoka jasho. Nikamwambia ni baridi tu. Akaniambia tena. Wiki ya tatu nikashuka na tochi, nikakuta bomba letu limechomoka ukutani, na mvuke wote wa nguo za familia unamwagika chumbani, kuta zimeanza ukungu mweusi. Mie, fundi. Mwenzangu hakusema kitu, alinishikisha ndoo na kitambaa.

Sasa chujio. Wote mnalisafisha, najua, mnasema hivyo. Kila mzigo, kabla ya kuwasha, hilo halina mjadala. Lakini kuna jambo wengi hawalijui. Tafadhali nipe ile ndoo.

(Nilikuwa nimewaomba watu watatu waje na chujio za nyumbani kwao. La kwanza nikalimiminia maji ya bomba: yakapita moja kwa moja. La pili, hali kadhalika. La tatu, safi kabisa kwa macho, bila hata uzi mmoja wa usufi, maji yakakaa juu yake kama kwenye sahani. Ukumbi mzima ukaguna.)

Mwenye hili chujio asione haya, nyumba nyingi ziko hivi. Mnatumia zile karatasi za kulainisha nguo, zenye manukato? Nta yake inayeyuka kwa joto inapaka nguo, ndio ule ulaini. Inapaka na chujio pia. Matundu yanazibwa na utando usiouona. Macho yanasema safi, hewa inasema nimefungiwa. Dawa yake ni maji ya moto, sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu, kila mwezi mmoja au miwili, ukaushe ndipo ulirudishe. Na lile pango ambamo chujio linakaa, lichunguze kwa tochi. Mashine ya kuvuta vumbi yenye mdomo mwembamba inatoa humo vitu vya ajabu: sarafu, vijiti vya masikio, shanga. Bomba lote lisafisheni mara moja kwa mwaka. Nimesema mara moja nikifikiria familia ya watu watatu. Nyumba yenye watoto saba na bibi, fanyeni mara mbili.

Nije kwenye moto wenyewe, niwatishe kidogo. Idara ya serikali kuu ya hapa inayoshughulikia kinga ya moto ilihesabu miaka ya 2008 hadi 2010: kwa wastani mioto 2,900 kila mwaka katika majengo ya kuishi ilianzia kwenye draya. Watu 5 walikufa kwa mwaka, 100 wakaumia, mali ya dola milioni 35 ikateketea. Chanzo kilichoongoza ni kutosafishwa. Na mwezi uliozidi yote ulikuwa Januari. Ndio maana niliomba tukutane sasa.

Kuna moto mwingine ambao usufi hauhusiki, nao unatuhusu sisi tunaopika kwa mafuta mengi. Vitambaa vya jikoni, vile vya kufutia karai la maandazi, mafuta hayatoki yote kwa sabuni. Ukivikausha kwenye draya halafu ukavirundika kwenye kapu vikiwa vya moto, yale mafuta yanaendelea kuungana na hewa na kuzaa joto lake yenyewe katikati ya rundo, na rundo linaweza kuwaka saa kadhaa baadaye, watu wamelala. Vitambaa hivyo anika. Nguo za fundi magari zenye petroli, hata mlango wa draya zisiuone. Na zile dakika za mwisho ambapo mashine inazunguka bila joto, tunazozikatisha kwa haraka zetu, ziacheni. Zimewekwa ili nguo zipoe. Usiwashe ukalala. Usiwashe ukatoka kwenda dukani.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilifanya kosa ambalo sikuwahi kulisema mbele za watu. Nilikuta fyuzi ya joto imeungua, sina nyingine kwenye gari. Nikaziunganisha zile nyaya mbili bila fyuzi, nikimwambia mwenye mashine nitarudi kesho. Sikurudi kesho. Nilirudi siku ya nne, alipopiga simu. Mataulo yake meupe yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na harufu ile niliifahamu, harufu ya pasi ya mkaa iliyosahaulika juu ya shati. Kama angekuwa amelala sijui. Nililipa mataulo. Fundi yeyote akikuambia "nimeiruka fyuzi kwa muda", mwambie airudishe palepale au aiache mashine ikiwa imezimwa, na asiondoke mpaka umeona.

Mengine haraka, maana mwenyekiti ananitazama.

Pipa linazunguka lakini joto hakuna kabisa. Kabla ya kunipigia, nenda kwenye boksi la breka, zile swichi zinazokata umeme wa nyumba. Kwetu umeme unaingia nyumbani volti 230 kwenye laini moja. Hapa nyumba inaletewa laini mbili za volti 120, na draya ya umeme inazitumia zote: mota inatosheka na moja, koili inataka mbili, volti 240. Ndiyo maana breka yake ni pacha, ampia 30. Upande mmoja ukikatika, pipa linazunguka kwa furaha na nguo zinapigwa na hewa baridi. Izime yote mpaka mwisho, uiwashe tena. Mara moja. Ikijizima tena, usishindane nayo, muite mtu wa umeme. Breka ikiwa nzima, basi ni koili au fyuzi, na hapo anayejua kutumia mita ya mkononi ya kupimia umeme achomoe plagi kwanza, afungue, apime. Koili nzima kwa kawaida husoma omu 8 mpaka 12 hivi, omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme. Iliyokatika haisomi kitu.

Hapo hapo nijibu swali ninaloulizwa kila kontena likienda Dar au Mombasa: hapana, msipeleke draya ya umeme ya hapa. Inataka 120 na 240 kwa pamoja, na mota yake ni ya hezi 60, na kwetu ni 50. Itafika salama na itakuwa kabati la kuhifadhia unga.

Haiwaki kabisa: fungua mlango uufunge, sikiliza kale ka-tik. Pasipo tik, swichi ya mlango imekufa, ni kazi ya nusu saa. Inapiga kelele gudu-gudu-gudu: vile vigurudumu vinavyobeba pipa vimeisha, haitakuunguzia nyumba leo lakini usiifuge mwaka mzima. Mota inanguruma pipa halitembei: mkanda umekatika, zungusha pipa kwa mkono, likiwa jepesi kupita kiasi ndiyo hivyo. Inajizima mapema nguo bado mbichi: tafuta ndani ya pipa, karibu na chujio, vipande viwili vya chuma vilivyolala sambamba. Hivyo ndivyo vinavyopima ubichi wa nguo, na ile nta ya karatasi za manukato inavipofusha. Vifute kwa spiriti ya dukani. Mara ngapi nimelipwa ada ya safari kwa kufuta vyuma viwili! Naona aibu kidogo kuisema, lakini nimelipwa.

Mliopanga nyumba, mashine mliyoikuta humo na bomba la ukutani ni mali ya mwenye nyumba, na kazi ya kuvitengeneza ni yake. Andikeni, msipige simu tu. Ujumbe wa maandishi wenye tarehe na picha ya kile kilango cha nje kisichofunguka. Usijifungulie ukuta wa mtu.

Na zile draya mpya zisizo na bomba, zinazotumia mtambo kama wa friji kukamua maji kwenye hewa, ni nzuri, zinakula umeme kidogo sana, zinachelewa, na zina chujio zaidi ya moja. Wenye nazo tuongee pembeni.

Maswali yalikuwa mengi. Nitaandika moja. Bibi mmoja, mtu wa Mombasa kwa lafudhi, alisimama akasema, "Mwanangu, umesema yote, hujasema kanga. Zangu zinatoka zimepauka na zimejikunja kama gome."

Nikamwambia, shikamoo bibi. Kanga ni pamba nyepesi, humo ndani inakauka kwa robo saa. Ikikaa saa nzima pamoja na mataulo, dakika 45 zote zilizobaki inapigwa moto bila maji ya kutoa. Itoe mapema, au uikaushe na wenzake wepesi kwa joto dogo.

"Au niianike?" akasema.

Au uianike, bibi. Funga kamba basimenti, weka feni ya mezani iielekee.

"Basi ungesema hivyo tangu mwanzo," akasema, akakaa.

Ndoo na miswaki viko pale nyuma karibu na mlango wa jikoni. Mliokuja na chujio, pangeni foleni, tuyapime yote. Na ile fyuzi, aliyenayo airudishe, ndiyo niliyonayo ya kuonyeshea.